Mwalimu wa Grama Asiyeangusha

Mwalimu wa Grama hakuwahi kuangusha mwanafunzi. Alilisema hilo mwenyewe, kanisani, sokoni na matangani, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, likawa kweli. Mtu akitaka kuingia chuo cha ualimu, alielekezwa kwake kama mwenye jino bovu anavyoelekezwa kwa mwenye koleo. "Nenda kwa yule wa mlimani. Wake hawaanguki."

Mtihani wa kuingia chuo ulikuwa na sehemu tatu. Hesabu hatukuiogopa sana, kwa sababu mtoto wa kwetu anahesabu mbuzi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Maarifa ya jumla tuliyapata kwa kusimama karibu na redio ya mwenye duka. Iliyotumaliza ilikuwa ile ya tatu, grama ya Kiingereza. Mtu angeweza kufanya vizuri katika zile mbili, grama ikamrudisha nyumbani kuchunga. Kwa hiyo Mwalimu wa Grama alikuwa mtu mkubwa kuliko chifu. Chifu angeweza kukufunga tu, lakini huyu angeweza kukufanya uvae tai.

Nilipelekwa kwake nilipomaliza darasa la saba. Nasema nilipelekwa kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kuzungumza na mtu mzima bila kutazama vidole vyangu vya miguu. Mama ndiye aliyetangulia, mimi nyuma na cheti changu ndani ya bahasha.

"Mwalimu, nimekuletea huyu," mama alisema. "Haongei, lakini anasikia."

Mwalimu alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe asiyekusudia kumnunua. "Wasioongea ndio wazuri," akasema. "Kiingereza cha mtihani hakiongewi. Kinaandikwa."

Akachukua cheti changu, akakifunga kwa pini kwenye fomu ya chuo, akanionyesha mahali pa kuandika jina, kisha akaviweka vyote ndani ya sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Sanduku lilikuwa na kufuli. Alipomaliza kulifunga aliniuliza swali moja tu.

"Una jembe?"

Nilikuwa nalo. Nilidhani ananiuliza kama natoka katika familia ya watu wanaofanya kazi.

Mafunzo yake yalifanyika shambani. Kwetu Kitui mvua ni mgeni asiyelala, ikija inabeba udongo wote na kuondoka nao, kwa hiyo kila mwenye mteremko huchimba mitaro ya fanya juu. Unachimba kwa kukingama mlima, na udongo unaurusha upande wa juu mpaka uwe tuta. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na watu huifanya kwa mwethya, yaani kikundi kinachozunguka kutoka shamba hadi shamba, leo kwako, kesho kwangu. Mwethya wa Mwalimu wa Grama ulikuwa na tofauti moja. Haukuzunguka. Leo ulikuwa kwake na kesho ulikuwa kwake.

Lakini nitamtendea haki: alikuwa na mpango. Vitenzi vya Kiingereza vigumu vina sura tatu, na jembe la fanya juu lina miendo mitatu. Tulijipanga kwenye mstari, yeye akisimama juu ya tuta na koti lake, kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. Aliita, nasi tukaitikia. *Go*, jembe juu. *Went*, jembe chini. *Gone*, udongo unaruka kwenye tuta. *Break, broke, broken.* *Write, wrote, written.* Mtaro mmoja ulikula vitenzi arobaini. Tukiharibu kimoja alituambia turudi hatua tano tuchimbe upya mahali palipokwisha kuchimbwa, na ndiyo sababu mitaro yake ilikuwa na kina kuliko ya mtu yeyote katika lokesheni yetu. Maafisa wa kilimo walikuja kuipiga picha. Hakuna aliyekuja kutupiga picha sisi.

Wanawake wa mwethya wa ng'ambo ya bonde walitusikia kila Jumatano na Jumamosi, na baada ya msimu mmoja waliacha nyimbo zao wakachukua zetu. Walisema zinakwenda na jembe vizuri. Ilikuwa ajabu kumsikia nyanya asiyejua kusoma jina lake akipiga *bring, brought, brought* bila kosa, na kutema mate kabla ya kuinua jembe tena. Mama naye alikuwa kule. Siku moja nilivunja kibuyu cha maji nyumbani, akanitazama, akatikisa kichwa. "*Broken*," alisema, akaenda kutafuta kingine.

Alikuwa na misemo yake Mwalimu. Wa kwanza ulikuwa, "Kiingereza hakitaki haraka." Wa pili, "Jibu la upesi ni jibu la mjinga." Lakini uliotutawala ulihusu mbaazi. Kwetu mbaazi huvunwa zikikauka mtini, na mtu hujua zimekauka kwa kutikisa tawi na kusikia punje zikilia ndani ya ganda. Mwanafunzi akimwuliza kama yuko tayari kwenda mtihani, Mwalimu alimwambia asimame wima, amjibu swali moja, kisha yeye akatega sikio kama mtu aliyetikisa tawi. "Bado," akasema. "Bado hujalia."

Nilimsikia akisema hivyo kwa watu walioanza kuota mvi.

Kusahihisha kulikuwa ndani ya damu yake, na hakuchagua mahali. Alitembea na chaki mfukoni akarekebisha vibao vya maduka. Muuza nyama alipolalamika kwamba sasa wateja hawalitambui duka lake, aliambiwa kwamba mteja asiyejua grama hastahili maini. Matangani, kijana wa marehemu akisoma wasifu wa baba yake kwa Kiingereza, Mwalimu aliinuka katikati ya kilio na kumwomba arudie sentensi ile vizuri, kwa heshima ya maiti. Chifu alimwandikia barua kumwita barazani, naye akairudisha barua ikiwa na wino mwekundu pembeni na alama chini: nne kwa kumi. Watu walingoja akamatwe. Badala yake chifu akamfanya awe anamwandikia barua zake zote, na kuanzia hapo Mwalimu ndiye aliyekuwa akienda ofisi ya elimu mjini kwa baiskeli, kuchukua fomu zetu na kuzipeleka. Hivyo ndivyo fomu zilivyokuja kuwa mikononi mwake. Sisi tuliona ni bahati.

Kitu kimoja hakukifanya kamwe. Hakuzungumza Kiingereza. Nyumbani alizungumza Kikamba, sokoni Kiswahili, na kwa baiskeli yake alizungumza lugha ambayo sitaiandika. Siku moja mgeni mzungu, mama mmoja mwenye kofia pana, alikuja kanisani kwetu. Baada ya ibada alisimama mbele akasema maneno machache, na mkalimani hakuwapo. Watu wakamsukuma Mwalimu wa Grama mbele. Alifika mbele ya yule mama, akatoa kijitabu, akaandika sentensi aliyoisikia, akaipigia mstari mahali pawili kwa kalamu nyekundu, akaweka alama, akaikata karatasi akampa. Yule mama aliisoma, akacheka mpaka akashika kofia. Alikuwa amepata saba kwa kumi.

"Ningempa nane," Mwalimu alituambia shambani Jumatano iliyofuata, "lakini anasema haraka sana. Inaonekana hakufundishwa vizuri."

Hata hivyo sitaki kumfanya mtu mbaya, ingawa ingenirahisishia kazi. Mkewe, ambaye wote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu, alitupikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyochanganywa na maharagwe, kila siku ya kazi, na Mwalimu hakula kabla ya wa mwisho wetu kushiba. Wakati malaria iliponiangusha kwenye mtaro wake, alinipakia juu ya kile chuma cha nyuma cha baiskeli akanisukuma mpaka zahanati, mwendo wa asubuhi nzima, shati lake limelowa jasho. Njia nzima alikuwa akiniuliza vitenzi. Nilidhani ni ukatili. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba alimwambia, "Akikosa *swim* ndipo nitajua homa imepanda kichwani." Sikukosa *swim*.

Sehemu ya mafunzo niliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya chumba cha mtihani. Hii aliifundisha tumekaa, wakati wa kula, na sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu anayesimulia mji aliowahi kuishi. Chumba, alisema, ni kikubwa na dari yake ni ya mbao. Meza zimeinama kidogo kuelekea kwako. Mbele kuna mzee wa miwani na kengele ya shaba mkono wake wa kulia. Ukifika mlangoni unasimama na kusalimia, na huketi mpaka uitikiwe. Meza ya dirishani usiikubali, upepo utakuchukulia karatasi. Kalamu usiiguse mpaka robo saa ipite, kwa kuwa anayeanza upesi huonekana aliiba maswali. Na swali moja uliache bila kulijibu.

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza Mwende. Ni yeye tu aliyekuwa akiuliza.

"Shambani tunaacha suke moja la mtama kwa ajili ya ndege. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Anayevuna mpaka suke la mwisho watu humwonaje?"

"Mchoyo."

"Haya. Anayejibu mpaka swali la mwisho, msahihishaji humwona mwizi. Acha moja. Acha la mwisho, lionekane."

Tuliandika yote. Mimi niliyaandika kwa herufi kubwa.

Mwende alikuwa binti wa pale karibu na soko, alimaliza shule mwaka mmoja na mimi. Alikuwa na mdomo wa watu wawili, wake na wangu. Alichimba upande wangu wa kushoto misimu minne, na alikuwa mjanja kwa jambo moja nililoliona kuwa utovu wa heshima: hakumwachia Mwalimu cheti chake. Kila alipoulizwa alisema mama yake amekitia mahali akasahau.

Katika misimu hiyo minne Mwalimu wa Grama hakumpeleka mtu mtihani. Kabla yetu aliwapeleka watatu, wote wakapita, na picha zao zilikuwa ukutani kwake, watatu wenye tai. Mtu yeyote aliyewajua wale watatu alijua wangepita hata kama wangefundishwa na punda. Sisi wengine tulikuwa kumi na wawili, tukichimba. Nilikuwa sijajiuliza jinsi sifa ya kutoangusha inavyotengenezwa. Ni rahisi. Usimruhusu mtu apande.

Msimu ule wa nne ndipo habari ilipokuja kutoka ofisi ya elimu. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa vyuo kuchukua watu wa darasa la saba. Kuanzia mwaka uliofuata walitaka waliofika sekondari. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawasawa na kusema mlango unafungwa na ufunguo unatupwa mtoni, kwa sababu nyumbani kwetu karo ya sekondari haikuwa hata ndoto. Fomu zilitakiwa ofisini kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Jumatano hiyo tulikuwa kwenye mtaro wa juu. Mwalimu aliita *go*, majembe yakapanda. Aliita *went*, yakashuka. Aliita *gone*, na jembe moja likabaki ardhini.

"Mwalimu," Mwende alisema, "tunaomba fomu zetu."

"Nani anaomba?"

"Mimi. Na huyu." Alinionyesha kwa kidevu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Fomu za walio tayari nimeshapeleka."

"Ni zipi hizo?"

"Mwende, mwanangu. Wewe bado hujalia."

"Mwalimu, mbaazi ikikaa mtini sana inapasuka. Punje zinaanguka chini, kware wanakula. Hiyo si umeiona?"

Watu walikohoa ili wasicheke. Mwalimu alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Utaanguka," alisema.

"Nikianguka nitainuka. Nikikaa hapa nitainuka kutoka wapi? Kutoka kwa mtaro?"

Akaweka jembe begani akashuka mlima. Sisi kumi na mmoja tulirudi hatua tano tukachimba upya.

Jumatatu iliyofuata Mwende alinipitia nyumbani. Alikuwa ametoka mjini, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, na ana fomu mpya mkononi.

"Mutinda, unajua fomu ni za bure? Karani ameniambia nichukue hata tano. Zimejaa kwa dirisha, wanafungia sukari guru."

Niliinama nikaanza kufunga kamba ya mbuzi.

"Na nimemwuliza kama yako iko. Ametafuta. Haiko. Hakuna ya mtu yeyote wa kwetu, mwaka huu wala mwaka jana." Akajipangusa vumbi la magotini. "Wewe, si uende uchukue cheti chako?"

"Ataniuliza."

"Akuulize umjibu."

"Sijui nitamjibu nini."

"Aiya. Basi uoe hilo jembe."

Alhamisi nilikwenda. Nilichagua saa ambayo Mwalimu alikuwa kwenye kamati ya kanisa, kwa kuwa nilikuwa nimepata ujasiri, lakini si mwingi. Mwaitu alikuwa amekaa kivulini anachambua maharagwe. Nilisimama mbele yake nikatafuta jinsi ya kuanza. Alinitazama, akaendelea kuchambua, mawe huku, maharagwe huku.

"Umekuja kwa sanduku," alisema mwishowe.

Niliitikia kwa kichwa.

"Miaka yote hii nilikuwa nangoja nione ni nani atakuja. Sikufikiria ni wewe." Akajipangusa mikono, akaingia ndani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mtoto yeyote angeufikia. "Chukua yako. Usivuruge za wengine."

Zilikuwa nyingi. Zilipangwa vizuri, kila moja na cheti chake na pini yake, safi, hazijapigwa hata mhuri. Nyingine zilikuwa za watu niliojua wameshaoa, wengine wanauza mkaa, mmoja tulikuwa tumemzika. Yangu haikuwa mbali, lakini pini yake ilinaswa na nyingine, nikivuta ikaja na ya chini kabisa. Karatasi hii ilikuwa ya zamani, rangi ya chai, ya enzi za mkoloni. Mwandiko niliujua. Ulikuwa umejaza kila mahali, jina, dini, shule, kwa herufi nzuri sana zilizolala upande mmoja. Jina lilikuwa la Mwalimu wa Grama mwenyewe.

"Hiyo ni yake," Mwaitu alisema nyuma yangu. "Shati la kwenda nalo nililipiga pasi mimi. Akafika mtoni, akarudi. Nikamwuliza, kwani mto umejaa? Akaniambia maji yalikuwa ya kifundo. Akaniambia bado hajaiva, atakwenda mwaka unaofuata."

"Alikwenda?"

Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu akairudisha chini kabisa, juu yake akapanga zile nyingine. "Hajawahi kuanguka," alisema, na sikuweza kujua kama anacheka.

Fomu yangu ilifika ofisini Ijumaa, saa ambayo karani alikuwa ameshika kitasa kufunga.

Siku ya mtihani nilikwenda mjini nikiwa najua chumba kile kuliko nilivyojua jiko la mama. Nilisimama mlangoni nikasalimia kwa Kiingereza na kungoja kuitikiwa. Chumba kilikuwa darasa la kawaida la shule ya msingi, mabati juu bila dari, na madawati ya watoto ambayo magoti hayakuingia. Msimamizi alikuwa kijana wa umri wa kaka yangu, anasoma gazeti na kutafuna muwa. Hakukuwa na miwani wala kengele. Hakuniitikia kwa kuwa hakunisikia. Nilingoja pale mlangoni mpaka aliponiona akaniuliza kwa Kikamba kama nimeleta chai.

Nilikaa mbali na dirisha. Sikugusa kalamu robo saa nzima. Mwende, safu ya mbele, dirishani kabisa, alikuwa amekwisha kugeuza ukurasa wa kwanza na kuweka jiwe juu ya karatasi zake ili upepo usizichukue. Hilo la jiwe Mwalimu hakuwa amelifikiria.

Nilipoanza niligundua jambo jingine. Maneno yalikuwemo ndani yangu, yote, lakini hayakutoka. Sura ya kwanza ya kitenzi ilikuja, ya pili ikaja nusu, ya tatu ilikataa. Mikono ilikuwa mitupu. Mwishowe nilishika kalamu kwa mikono miwili chini ya dawati, nikaiinua, nikaishusha, nikarusha kidogo kuelekea bega la kushoto, na neno likaja. Nilifanya hivyo kwa kila swali. Inachukua muda. Msimamizi alikuja akasimama kando yangu, akatazama, akarudi kwa gazeti lake akiwa ameamua kwamba mimi ni mgonjwa lakini si mwizi.

Swali la mwisho nilikuwa nalijua. Nilikuwa na nafasi ya kuliandika. Nililiacha, lionekane.

Mwende alipita. Mimi nilianguka. Hawasemi umeanguka kwa kiasi gani, barua ina mistari miwili tu, kwa hiyo mtu anabaki na uhuru wa kuamua ni swali lipi lililommaliza. Mimi nimeamua ni la ndege.

Kabla ya mwezi kwisha picha ya Mwende ilikuwa ukutani kwa Mwalimu, ya nne, bila tai. Sokoni alisema alimwivisha mwenyewe kwa mkono wake. Na mimi? Muuza nyama, anayemjua mama yangu kwa jina, alimwuliza mbele ya watu: "Na yule kijana wa Mukami asiyeongea, si alikuwa wako?"

"Huyo hakuwa wangu," Mwalimu alisema. "Wangu hawaanguki."

Misimu minne. Mtaro wa tatu kutoka juu niliuchimba karibu wote peke yangu, ukienda leo utauona, maji hayapiti. Na mimi ndiye yule "hakuwa wangu".

Nilikwenda Mtito Andei, nikaosha sahani katika hoteli ya madereva wa malori kwa mwaka mmoja na kidogo. Pale hakuna anayekuuliza grama. Wanakuuliza kama kuna nyama ya karanga. Nilijifunza kujibu watu kwa sababu dereva mwenye njaa hangoji utazame vidole vya miguu. Kisha mama akaugua mgongo na nikarudi nyumbani kulima, na nyumbani ndiko niliko.

Ilikuwa mvua hazijaanza. Nilikuwa nakarabati boma la mbuzi, mama anapepeta mtama uani, nikaona koti lile linapanda kilima. Alikuwa anasukuma baiskeli, hakuipanda. Kalamu zilikuwa mbili kama zamani. Alimsalimu mama, akauliza habari za mgongo, akauliza habari za mbuzi, akauliza kama mvua zitakuja. Mama alimletea kiti. Akakaa akazungusha kofia magotini. Nilijua namna ile ya kukaa. Ilikuwa yangu.

"Mutinda," alisema. Sikujua kama analijua jina langu. "Ulifika kule ndani."

"Kule wapi, Mwalimu?"

"Kwa chumba."

"Nilifika."

Alitazama vidole vya miguu yake, ambavyo vilikuwa ndani ya viatu. "Kengele," alisema, "iko upande gani? Ya kulia?"

Ungo wa mama ulisimama.

"Dari lakini ni ya mbao?" aliuliza. "Na meza. Mtu akikaa, meza inamfika wapi? Mwende nilimwandikia barua aniambie, akajibu kwamba hakumbuki, alikuwa anaandika."

Nilikuwa na majibu yote. Yangechukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ningemwambia hakuna kengele, hakuna dari, mtu anaingia tu na kukaa, akachukua baiskeli yake akaenda. Niliinama nikaokota fimbo ya boma, nikaipima, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti ambayo sikuijua.

"Mwalimu, hayo hayataki haraka. Kuja Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi," alisema.

"Kuja na jembe."

Mama alishika kinywa. Huwezi kumwambia mzee maneno kama hayo, kwetu hata kichaa hasemi hivyo. Mwalimu wa Grama alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alimuaga mama kwa adabu. Mimi hakuniaga.

Siku mbili zile mama hakunisemesha, isipokuwa kuniambia niende nikaombe msamaha. Ijumaa jioni niliamua nitakwenda. Jumamosi, jua halijapanda, nilifungua mlango wa boma nikamkuta amesimama pale kwenye mpaka wa shamba letu, koti ameliacha nyumbani, mikono ya shati amekunja. Jembe lilikuwa begani, limenolewa.

Nilimwonyesha mahali pa kuanzia. Mteremko wetu haukuwa na mtaro hata mmoja. Alipiga vizuri, polepole, na mara moja nilimsikia akihesabu vitenzi kwa pumzi. Jua lilipokuwa kali tuliketi, mama akatuletea muthokoi, nami sikula kabla yake.

Siku hiyo, katika kile chumba cha mtihani, nilimfundisha mlango tu.